Kuhifadhi Umeme: Kijitabu kwa Kaya, Wavuvi na Wenye Biashara wa Makurunge na Pwani ya Bagamoyo

Swali lenyewe

Ukitoka Bagamoyo mjini kwa barabara ya Msata, Makurunge si mbali. Hapa ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Saadani, Pangani hadi Tanga, na hapa ndipo yalipo mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari, kwenye ardhi iliyokuwa ya ranchi ya Razaba. Nguzo za umeme zinafuata barabara na makazi makubwa. Ukizama ndani, kuelekea Mto Wami au upande wa mashamba ya chumvi, nguzo zinapungua na paneli za sola zinaongezeka juu ya mabati.

Mwenye sola analijua tatizo lake bila kuelezwa. Jua kali la saa 6 mchana linamkuta yuko shambani au baharini, watoto wako shule, nyumba imefungwa. Akirudi jioni na kutaka taa, feni na taarifa ya habari, jua limeshazama. Mwenye nguzo naye ana tatizo la namna yake: umeme unakatika saa 2 usiku, samaki wako kwenye friza, na mteja wa asubuhi hataki maelezo.

Wote wawili wakienda dukani watapewa jibu moja: nunua betri. Kijitabu hiki hakipingi betri. Kinasema kwamba betri ni njia mojawapo tu ya kuhifadhi nishati, tena ya gharama, na mara nyingi inafaa ifikiriwe mwisho. Kabla yake kuna tangi la maji, kuna barafu, na kuna kuhamishia kazi mchana. Na ukishaamua kununua betri, kuna hesabu ya kufanya kwanza na kuna sumu ya kuogopa mwishoni.

Wati na uniti

Watu wengi wanaumia kwenye ununuzi kwa kuchanganya vipimo viwili. Wati na kilowati hupima nguvu kwa wakati mmoja. Uniti, ile ile unayoinunua kwa LUKU, hupima kiasi cha umeme kilichotumika: ni kilowati moja ikifanya kazi kwa saa moja. Chukua mfano wa simtanki. Kilowati ni unene wa bomba, uniti ni ujazo wa tangi. Betri inaweza kuwa na bomba nene na tangi dogo, ikawasha pampu kubwa kwa dakika 20 na kuishiwa. Nyingine ina tangi kubwa na bomba jembamba, inawasha taa usiku kucha lakini pasi ya umeme inaishinda.

Muuzaji anayekutajia kilowati peke yake hajakwambia nusu ya habari. Muulize: uniti ngapi?

Dunia inavyofanya

Kuhifadhi umeme si jambo jipya. Alessandro Volta wa Italia alitengeneza betri yake ya kwanza mwaka 1800, na Mfaransa Gaston Planté akaleta betri ya risasi na asidi mwaka 1859. Hiyo ya Planté ndiyo babu wa betri iliyomo kwenye daladala leo. Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991, kwanza kwa ajili ya vifaa vidogo vya kubeba mkononi.

Hata hivyo, kwa muda mrefu hifadhi kubwa ya umeme duniani haikuwa betri za aina yoyote. Ilikuwa maji. Umeme unapozidi, maji yanasukumwa kutoka bwawa la chini kwenda bwawa la juu. Unapopungua, yanaachiwa yashuke na kuzungusha mitambo. Afrika Kusini inafanya hivyo katika milima ya Drakensberg tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kituo chake kikubwa zaidi cha aina hiyo, Ingula, kina uwezo wa megawati 1,332. China ina kituo cha Fengning chenye megawati 3,600.

Kilichobadilika katika miaka 15 iliyopita ni bei. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, gharama ya betri za lithiamu imeshuka kwa takribani asilimia 90 tangu 2010, hasa kwa sababu viwanda vya magari ya umeme vilizitengeneza kwa wingi. Zilipokuwa nafuu, mashirika ya umeme nayo yakazitaka. Mwaka 2023 peke yake dunia iliongeza gigawati 42 za betri kwenye mifumo ya umeme, zaidi ya maradufu ya zilizoongezwa mwaka uliotangulia. Gigawati moja ni megawati 1,000. Bwawa letu la Julius Nyerere, kwa ukubwa wake wote, lina gigawati 2 na kidogo. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku, Novemba 2024, likatangazwa lengo la kufikisha gigawati 1,500 za hifadhi ya umeme duniani ifikapo 2030, mara sita ya uwezo uliokuwapo 2022.

Mfano unaotajwa sana ni wa Australia Kusini. Septemba 2016 jimbo zima lilizimika baada ya dhoruba kuangusha minara ya umeme. Mwaka uliofuata ikafungwa betri ya Hornsdale, megawati 100, jirani na mashamba ya upepo. Kazi yake kubwa haikuwa kuwasha nyumba usiku kucha, maana kwa nguvu yake yote ingedumu saa moja na dakika chache. Kazi yake ilikuwa kuwahi. Mtambo mkubwa ukianguka ghafla, betri inamwaga umeme kwenye gridi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla hitilafu haijasambaa. Wakenya waliokaa gizani Agosti 25, 2023, gridi ya nchi nzima ilipoanguka, wanaelewa thamani ya kuwahi. California imefika mbali zaidi: jioni moja ya Aprili 2024, kwa muda, betri ndizo zilizokuwa zikilisha gridi yake kuliko chanzo kingine chochote, zikirudisha jua lililokusanywa mchana.

Karibu na sisi, Malawi ilitangulia. Kituo cha sola cha Golomoti, wilaya ya Dedza, megawati 20, kilizinduliwa 2022 kikiwa na betri ya uniti 10,000. Goma, mashariki mwa Kongo, ina mtandao mdogo wa sola wa megawati 1.3 wenye betri tangu 2020. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakazi wa Bwisya walipata mtandao wa sola na betri mwaka 2016, wakati nguzo za gridi zilikuwa ng'ambo ya maji.

Bwawa la Rufiji na nyaya za Chalinze

Watanzania tunayo hifadhi kubwa ya nishati, ila hatujazoea kuiita hivyo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, wa mwisho mwaka 2025. Umeme wake unasafiri kwa msongo wa kilovolti 400 hadi kituo cha Chalinze, hapa hapa mkoa wa Pwani, ndipo ugawanywe. Nyuma ya ukuta kuna ziwa lenye uwezo wa kushika maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30.

Ziwa hilo halihitaji pampu ya kurudisha maji juu ili lifanye kazi ya hifadhi. Inatosha kulipumzisha. Kituo cha sola cha Kishapu, Shinyanga, ambacho awamu yake ya kwanza ni megawati 50, kinapozalisha mchana, mitambo ya Rufiji inaweza kupunguza mwendo na maji yakabaki yakisubiri saa 1 usiku, wakati nchi nzima inawasha taa na televisheni kwa pamoja. Kwa maneno mengine, kila paneli inayofungwa Shinyanga inaongeza maji Rufiji. Hii ndiyo sababu nchi yenye mabwawa makubwa haina haraka ya betri kubwa kama nchi isiyo nayo, na wanaodai Tanzania imechelewa kwa kutokuwa na Hornsdale yake wanasahau jambo hilo.

Lakini bwawa nalo lina mipaka. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, maji yakiwa pungufu kwenye mabwawa. Machi 2024, baada ya mvua kubwa na mtambo mpya wa Rufiji, TANESCO ilizima kwa muda vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Miezi michache tu kati ya njaa na shibe. Kenya inaijua hali hiyo kwa upande wa upepo: mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, huzalisha vizuri usiku wa manane wakati wateja wamelala, na mvuke wa ardhini wa Olkaria hauzimwi kama taa. Umeme usiotumika wala kuhifadhiwa umepotea.

Funzo la Ras Kiromoni

Umeme wa Unguja unapita kwenye pwani yetu hii. Kebo ya chini ya bahari inaingia majini Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kutokea Fumba. Ya kwanza ililazwa mwaka 1980. Mei 2008 mfumo huo ulipata hitilafu na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea tena, safari hii hadi Machi 2010. Hoteli ziliendeshwa kwa jenereta, maji yalikosekana kwa sababu pampu zilisimama, na wenye friza walipata hasara. Kebo mpya ya megawati 100 iliwashwa mwaka 2013, na sasa mradi wa ZESTA, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, umeweka sola na betri kwenye mipango ya visiwa.

Tunakumbusha habari hii kwa sababu moja. Betri za leo zinahifadhi umeme wa saa, si wa miezi. Betri kubwa kuliko zote zisingeivusha Unguja miezi mitatu. Zingeivusha jioni moja, au zingewapa mafundi nafasi ya kuwasha jenereta bila mji kuzimika. Kwa kukosekana kwa umeme kwa muda mrefu, kinga yake ni njia ya pili: kebo ya pili, chanzo cha pili, mafuta ya akiba. Anayekuuzia betri kwa ahadi kwamba "hutajua tena kukatika kwa umeme" mwulize ni kukatika kwa saa ngapi.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue kaya isiyo na nguzo. Taa nne za wati 7 kwa saa 6 ni watisaa 168. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5 ni 250. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400, na joto la Februari huku pwani linawafanya watu wasiijadili. Ongeza chaji za simu, kama 45. Jumla 863, yaani uniti 0.86 kwa usiku. Inverta nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo weka uniti moja.

Betri ya risasi inayoitwa N200 ina volti 12 na ampeasaa 200. Zidisha: watisaa 2,400, uniti 2.4. Hapo muuzaji atakoma. Ukweli ni kwamba betri ya risasi ikinyonywa zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo umeme wako halisi ni uniti 1.2. Kaya yetu imetosheka, ila jokofu halimo. Paneli ya wati 300 inaijaza kwa siku ya jua la kawaida; wiki za masika, Aprili na Mei, mtalala bila feni siku kadhaa.

Sasa gharama. Bei zinabadilika, kwa hiyo weka bei utakayoikuta Bagamoyo au Kariakoo badala ya hizi za mfano. Tuseme N200 inauzwa shilingi 600,000 na inahimili mizunguko 500 ya kujaa na kushuka nusu. Uniti 1.2 mara 500 ni uniti 600. Kila uniti inayotoka kwenye betri hiyo imekugharimu shilingi 1,000, kabla hujahesabu paneli. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampeasaa 100, ile ya aina ya chuma na fosfeti, inaruhusu kutumia kama asilimia 90, uniti 1.15, na ikitunzwa hufikisha mizunguko 3,000. Hata ukiinunua shilingi 1,200,000, kila uniti inatoka kwa shilingi 350 hivi. Yenye bei kubwa mwanzoni ndiyo nafuu mwishoni. Shida ni kwamba wengi wetu hatuna milioni na laki mbili kwa mkupuo mmoja, na hapo hesabu nzuri inakutana na mfuko.

Linganisha na TANESCO: mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Aliye chini ya nguzo akinunua betri ili "aokoe gharama za LUKU" amepotea njia. Anaweza kuinunua kwa dharura, kulinda biashara au mgonjwa, na hiyo ni sababu ya haki. Aliye mbali na nguzo hesabu yake ni nyingine kabisa: anashindana na mafuta ya taa, mawe ya tochi na nauli ya kwenda kuchaji simu, na hapo betri inashinda.

Tahadhari moja kuhusu betri ya gari. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake, kisha ijazwe mara moja. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha itakuachia ndani ya miezi. Dukani uliza betri ya sola, yenye sahani nene.

Kazi isiyohitaji betri

Sehemu hii ndiyo tunayotaka isomwe mara mbili.

Mashamba ya chumvi ya pwani yetu yanahifadhi kazi ya jua tangu enzi za babu zetu. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua la kiangazi linayakausha, na chumvi inakaa kwenye magunia hadi mvua zinapokuja na uzalishaji kusimama. Hakuna anayejaribu kulirudisha lile jua liwe joto. Kinachohifadhiwa ni bidhaa. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa umeme: kama kazi inaweza kufanyika mchana na matokeo yake yakakaa, usihifadhi umeme, hifadhi matokeo.

Maji ni mfano wa wazi. Pampu ya sola inayovuta lita 5,000 kutoka kisima cha mita 40 inahitaji, pamoja na upotevu wake, kama uniti moja na nusu. Ukitaka kupampu usiku utanunua betri ya kubeba uniti hizo kila siku. Ukipampu mchana kwenda kwenye simtanki juu ya mnara, hununui chochote cha ziada; maji yatashuka yenyewe saa 2 usiku. Kuna watu husikia habari za Drakensberg wakauliza kama maji ya mnara yanaweza kurudishwa kuwa umeme. Yanaweza, lakini lita 5,000 kwenye mnara wa mita 6 zina uniti 0.08 tu, haziwashi televisheni ya wati 50 kwa saa mbili. Ndiyo maana umeme wa maji unadai mabonde na milima, nasi huku pwani tambarare tuyahifadhi maji kwa kuyanywa.

Barafu ni nguvu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kilo 11 za barafu zikiyeyuka zinameza joto la uniti moja nzima. Wavuvi wa Bagamoyo hawahitaji kuambiwa barafu ni mali. Wanaobeba barafu baharini wanajua tofauti ya bei kati ya samaki aliyekaa nayo na aliyekaa juani. Friza inayoendeshwa na paneli kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, ikagandisha chupa za maji, inaweza kuzimwa usiku na isipoteze kitu. Ijaze. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa baridi hadi siku mbili. Iliyo nusu tupu, siku moja hivi. Muuza soda na juisi akipanga chupa za barafu kuzunguka bidhaa zake, kukatika kwa umeme jioni moja hakumgusi. Chupa za plastiki za lita moja na nusu, zikiachwa nafasi kidogo juu ili zisipasuke, ndizo betri ya bei poa kuliko zote katika kijitabu hiki.

Sekta ya afya iligundua hili kwa uchungu. Majokofu ya sola ya chanjo ya mwanzo yalitegemea betri, na betri zikifa, jokofu linabaki kabati. Siku hizi zahanati nyingi zisizo na gridi zinapewa majokofu ya sola yasiyo na betri kabisa: paneli inagandisha barafu iliyomo kwenye kuta za jokofu, na barafu hiyo ndiyo inayovusha chanjo usiku na siku za mawingu.

Mashine ya kusaga inafaa iungurume mchana na unga ukae kwenye mfuko. Kuchomelea vyuma, kukausha nywele saluni, kupiga pasi, kuchaji betri za bodaboda za umeme: vyote vina mchana wake. Hata viwanda vya sukari vinafuata mantiki hii kwa ukubwa wao. Makapi ya miwa hayatupwi. Hurundikwa na kuchomwa kupata mvuke na umeme, na TPC ya Moshi imekuwa ikiuza ziada yake kwa TANESCO.

Kinachobaki baada ya kuhamisha yote hayo ni taa, feni, televisheni, simu. Ndiyo ile uniti moja ya hesabu yetu. Hiyo inunulie betri.

Kununua, kufunga, kutunza

Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA na udai risiti pamoja na hati ya dhamana. Betri isiyo na alama yoyote ya mtengenezaji wala tarehe, hata ikiwa nusu bei, iache dukani.

Pwani yetu ina maadui wawili wa betri: joto na chumvi. Joto ndilo baya zaidi. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, kwa hiyo kuiweka chini ya bati lisilo na dari ni kuichoma polepole. Iweke sehemu ya chini, yenye kivuli na hewa, mbali na jiko na mbali na kitanda. Inapochaji hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inalipuka. Chumvi ya hewani hula vichwa vya betri na viungo vya nyaya. Visafishe, vikaushe, vipake grisi.

Betri ya maji iongezewe maji yaliyotoneshwa peke yake. Baadhi ya watu huongeza asidi wakidhani wanaipa nguvu, na wanaiua. Maji ya kisima yana chumvi, nayo hayafai. Usiunganishe betri mpya na kuukuu. Kuukuu itaivuta mpya. Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Mwenye kipimo cha volti aupime mfumo asubuhi, ukiwa umepumzika: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, 11.8 imekwisha na inaumia. Betri ya lithiamu isomwe kwenye kidhibiti chake, maana volti zake hazishuki kwa namna hiyo. Na isiyo na kidhibiti hicho ndani usiifunge nyumbani. Lithiamu iliyoharibika ikishika moto ni vigumu kuizima. Januari 2025 kituo cha betri cha Moss Landing, California, kiliungua na zaidi ya watu elfu moja wakahamishwa makwao.

Betri ikifa

Hapa hatutapunguza ukali wa maneno. Ndani ya betri ya gari na ya sola ya kawaida kuna risasi, na risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa mtoto. Haina harufu, haina ladha ya kukuonya, na madhara yake hayarudi nyuma.

Mombasa wanaijua. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi katikati ya makazi kuanzia 2007 hadi 2014. Watoto waliugua, wanawake waliharibikiwa mimba, vipimo vya damu vikaonesha risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mtoto wake mwenyewe akaathirika, aliongoza mapambano na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha haki hiyo Desemba 2024. Miaka mingi ya kesi, na udongo ule ule.

Sola ilivyoenea Makurunge na vijiji jirani, betri zilizokufa zimekuwa biashara. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita wakizitafuta, na mwenye nayo anafurahi kupata chochote. Asidi ikimwagwa shimoni inafika kisimani. Risasi ikiyeyushwa kwenye sufuria ya kupikia, uani, moshi wake unatua kwenye nguo za watoto. Betri chakavu ikae nzima, imesimama wima, kwenye chombo cha plastiki, na irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu anapouza mpya au kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC. Ukiona mtu anapasua betri au kuyeyusha risasi karibu na nyumba, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, afisa afya wa kata au NEMC.

Mzunguko huu una upande mwingine unaotuhusu. Madini ya kinywe ya Mahenge na Ruangwa, nikeli ya Kabanga huko Ngara na kobalti ya Kongo, nchi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti yote ya dunia, ndiyo malighafi ya betri zinazosifiwa kila mahali. Sisi tunauza udongo na kununua kisanduku kilichofungwa. Hilo ni la wakubwa kulijibu, lakini mpiga kura anaruhusiwa kuliuliza.

Kabla hujaenda dukani, chukua daftari na uandike kila kifaa chako, wati zake na saa zake. Piga mstari kwenye kila kinachoweza kufanya kazi mchana. Kitakachobaki, mpelekee fundi. Na betri uliyonayo sasa, iliyokufa na kusukumwa chini ya uvungu wa kitanda cha watoto, itoe leo.